Salamu Isiyohitaji Masikio

Siku tuliyomzika Koko, bibi yangu, vijana wa kanisa walifunga vipaza sauti kwenye migunga yote iliyozunguka boma, na kila mhubiri alipofungua mdomo mimi nilipata mngurumo mmoja tu, kuanzia sala ya kwanza hadi tangazo la chakula. Kifaa nilicho nacho kichwani hujitahidi, sikilaumu, lakini mazishi ya Kajiado yamekishinda. Basi nikafanya ninavyofanya siku zote penye watu wengi: nikatafuta ukuta, nikaupa mgongo, nikaanza kutazama midomo. Ndipo nilipomwona mwanamke mnene aliyejifunga kitenge cha buluu akipita katikati ya viti. Alikuja moja kwa moja hadi mbele yangu, na kabla ya kusema lolote akazunguka kidogo ili jua limwangukie usoni. Watu wa nyumbani, ambao nimekula nao miaka yote hii, bado wananisemesha huku wamelipa jua mgongo. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kujifunza kunizungukia namna ile, na sikuwa nimemwona tangu ujana wangu. Nilimwita Wambui kabla hajajitaja.

Tulikula pamoja, sahani juu ya magoti, wali na nyama ya mbuzi iliyochemshwa. Aliniambia habari za Illasit alikoolewa, za vitunguu na nyanya zao, za watoto waliokwisha kuwa watu wazima. Kisha akaweka kijiko chini akaniuliza, polepole, kama zamani: "Na Koko alikuambia nini mwishowe?" Nilifungua mdomo nimjibu, lakini mhubiri mwingine akapewa kipaza sauti, nikamwashiria kwa mkono tungoje. Hatukupata nafasi tena. Gari lao lilikuwa na safari ndefu, na wenzake walikuwa wameshapanda. Nimekaa na swali lake tangu siku ile. Kulijibu, lazima nirudi kwenye mwaka tuliokaa chumba kimoja Kitengela. Ya wazazi wangu na ya shule nitayaruka. Hayana ubaya wowote, ila hayahusiki.

Chumba chetu kilikuwa cha mawe, kimoja katika safu ya vyumba vilivyotazamana kwenye ploti iliyo nyuma ya barabara ya Namanga. Pazia la maua lilitenga kitanda na jiko la mafuta ya taa, na meza yetu ilikuwa ndoo iliyopinduliwa, juu yake sinia. Wambui alikuwa msusi. Alisimama saluni kutwa nzima akizungumza, akarudi jioni na mazungumzo mengine ambayo hakuwa ameyamaliza. Mimi nilihakikisha daima anakaa upande wa taa. Nilimwambia upande wa giza naupenda mimi kwa sababu macho yangu huuma, naye akaniamini kwa muda. Siku ya Jumapili aliponda mukimo wa viazi na mahindi kwa nguvu zake zote, mwiko ukigonga sufuria, na ule mgongano ndio ulikuwa miongoni mwa sauti chache za chumba kile nilizozisikia bila kuzitafuta. Tulikula tukitazamana, yeye akisimulia, mimi nikitafuna polepole ili nisikose mdomo wake nilipoinama kuchota mboga. Mtu akitutazama kupitia dirishani angedhani ni marafiki wawili wasiotaka kuachana hata kwa macho.

Sikio la kulia lilikuwa limekufa tangu utotoni. La kushoto ndilo lililokuwa linaondoka mwaka ule, na liliondoka kama mgeni asiyetaka kuaga: kwanza ndege, kisha watoto, kisha wanawake karibu wote. Zilibaki sauti nzito. Malori ya Namanga yalibaki, na mashine ya kusaga unga, na wanaume wachache wenye vifua vipana. Watu hufikiri kiziwi husoma midomo kama vile wao wasomavyo gazeti. Waje wajaribu Kitengela. Mtu anaanza sentensi kwa Kiswahili, anaikata kona kwa Kiingereza, anaimalizia kwa Kikuyu au kwa Kimaasai, na mdomo hautoi ishara kabla ya kukata kona. Mimi nilikuwa nikishika mwanzo, nikipotea katikati, nikikisia mwisho. Watu walipocheka, nilicheka. Na nilijifunza kunyamaza mapema ili nisije nikabaki nikicheka peke yangu. Sikuwa nimemwambia mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na kwa akili za umri ule niliona afadhali kuitwa mjinga kuliko kuitwa kiziwi.

Niliajiriwa katika duka la dawa za mifugo. Mwenyewe tulimwita Mama Ciku, mama wa Kikuyu aliyeijua bei ya kila kitu na aliyenichukua kwa sababu alitaka msichana wa Kimaasai wa kuzungumza na wateja. Wateja wenyewe walikuwa wafugaji kutoka pande za Isinya, wanaume waliokuja kutafuta dawa ya kupe na dawa ya minyoo. Hapo ndipo shida yangu ilipopata mahali pa kukaa. Kwetu hakuna mazungumzo kabla ya salamu, na salamu ina pande mbili. Mzee akimwona mwanamke husema "Takwenya," naye lazima aitike, "Iko." Usipoitika hujakosa adabu kidogo tu, umemwambia yule mzee kwamba hayupo. Wazee hawakuwa na desturi ya kukaribia kaunta ndipo wasalimu. Walisalimu wakiwa mlangoni, jua likiwa nyuma yao, nyuso zao nyeusi tupu, nami nikaendelea kupanga chupa. Mzee aliyepita hivyo mara mbili hakurudi mara ya tatu. Alivuka barabara akanunua kwingine, na huko akasema kuna binti wetu hapo ng'ambo aliyeharibiwa na mji.

Mama Ciku aliniita jioni moja baada ya kufunga. Hakuwa mtu wa kuzunguka maneno. "Wazee wanasema uko na kiburi, Nashipae," alisema. "Mimi najua huna. Lakini wao ndio wananunua."

Nikatafuta njia. Kwetu kuna salamu nyingine, ya watoto. Mtoto hamsemeshi mkubwa. Humwendea, huinamisha kichwa, na mkubwa humwekea kiganja utosini. Basi. Hakuna neno la kusikia wala la kuitikia. Ni salamu isiyohitaji masikio, na niliifurahia kama mtu aliyekumbuka kwamba nyumba yake ina mlango wa nyuma. Nilianza kutoka nyuma ya kaunta kila alipoingia mtu wa kwetu, nikamwendea na kuinama. Wazee walishangaa kidogo, mtu mzima kama mimi, lakini mkono waliuweka, na wengine walirudi kununua. Tatizo ni kwamba nikiwa nimeinama sikuchagua. Siku moja duka limejaa, nilimwinamia mtu mlangoni, nikangoja, mkono hauji. Niliinua macho nikamkuta kijana wa rika langu, mrefu, ameshika kopo la kutilia dawa, ameduwaa hajui auweke wapi mkono wake. Duka zima lilicheka. Sikusikia kicheko, lakini niliona mabega ya wanaume yakitikisika na kofia ya mmoja wao ikianguka. Habari ile ilifika Kajiado kabla yangu, maana mdomo hauhitaji nauli.

Baada ya hapo Mama Ciku alinihamishia stoo, kwa wema, nadhani. Nilipima chumvi ya ng'ombe, nikapanga magunia, nikala chakula changu cha mchana peke yangu juu ya gunia, chapati na chai kutoka kibanda cha jirani. Nilikuwa mpweke. Naliandika neno hilo bila kulipamba, kwa sababu siku zile nilikuwa nikilizunguka. Nilijiambia nimechoka, nimeudhika, nina homa. Kumbe nilikuwa mpweke, na upweke wa mtu anayezungukwa na watu wanaosema una aibu ndani yake, kwa sababu hakuna unayeweza kumlaumu kwa kukuacha. Hakuna aliyeniacha. Walikuwa wote pale, midomo ikienda.

Wambui alikuwa ameshagundua. Hakuniuliza, siku moja tu alianza kukaa upande wa taa bila kuelekezwa, na tulipotembea barabarani akawa anashika upande wangu wa kushoto. Nilimpenda kwa hilo kuliko nilivyowahi kumwambia. Ndiyo maana Jumapili ile ya kioo iliniuma. Dada yake alikuja kutoka Matasia kusukwa, wakakaa karibu na mlango kwenye mwanga. Mimi nilikuwa nimelala kitandani, nimewapa mgongo, nikitazama ukuta. Kwenye ukuta kulikuwa na kioo chetu kidogo, na ndani ya kioo kulikuwa na uso wa Wambui. Kwa muda mrefu alizungumza habari za wateja. Kisha dada yake akauliza kitu, Wambui akatazama kitandani, akaona mgongo wangu, akajibu kwa ule mchanganyiko wao wa Kikuyu na Kiswahili ambao nilikuwa nimeshaujua mdomoni mwake kuliko mdomo wowote. "Nampenda," alisema. "Lakini kukaa na yeye ni kukaa peke yako. Taa ikizimwa, hakuna mtu."

Sikugeuka. Nilibaki nikitazama vidole vyake vikiendelea kusuka. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, kwa sababu alikuwa amesema kweli, na kwa sababu alikuwa amesema kwa huruma. Taa ikizimwa mimi sikuwepo. Sikuwahi kufikiri kwamba giza lile alilala nalo yeye pia.

Ni yeye huyohuyo aliyenipeleka hospitali Nairobi wiki chache baadaye. Waliniweka katika chumba kidogo chenye kuta laini, wakanipa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio, nami nilibonyeza kila nilipotumaini. Daktari alikuwa mtu mtaratibu aliyenitazama usoni alipozungumza. Alinichorea picha ya ndani ya sikio, na katikati yake kitu kilichojikunja kama gamba la konokono. Hiyo ndiyo koklea, alisema, na yangu imechoka kazi. Kuna kifaa kinachoweza kupandikizwa humo: waya mwembamba unaingizwa ndani ya konokono yule, kipande kingine kinalazwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, na nje unavaa kidude kinachoshikwa hapo kwa sumaku. Sikio la kulia limekaa kimya miaka mingi mno, neva zake zimesahau. Ingekuwa afadhali la kushoto. Nilimuuliza kuhusu kile kidogo ninachosikia kwa la kushoto. Aliweka kalamu chini. Alisema huenda kikapotea, na kwamba sauti nitakazopata baada ya hapo hazitakuwa zile nilizozizoea, hasa mwanzoni. Ya gharama sitayasimulia. Kanisa lilichanga, wajomba waliuza ng'ombe, na katika yote hayo hakuna aliyenisimanga. Gharama haikuwa ndiyo iliyonizuia.

Kilichonizuia kilikuwa Kajiado, katika nyumba ya udongo. Wajomba walikuwa wamemjengea Koko nyumba nzuri ya mabati yenye madirisha ya vioo, naye alihifadhi humo mahindi na baiskeli iliyovunjika. Mwenyewe aliendelea kulala katika nyumba yake ya zamani, ya udongo na samadi, yenye tundu moja ukutani lisilozidi kiganja. Humo ndani mdomo wa mtu hauonekani hata saa nane za mchana. Mahali pengine popote giza kama lile lingekuwa kaburi langu. Lakini Koko alivuta ugoro tangu ujana, na sauti yake ilikuwa nzito kushinda ya wanaume wengi. Aliketi karibu nami kwenye kitanda cha ngozi, akaleta mdomo kwenye sikio langu la kushoto, harufu ya ugoro na ya maziwa yaliyotiwa moshi, akaniambia mambo ya siku. Nami nilimsikia. Si neno moja moja la kukisia. Nilimsikia kama watu wanavyosikiana. Kila mwisho wa mwezi nilipanda gari kwenda Kajiado kwa ajili ya hilo tu, kukaa gizani na mtu nikasemeshwa. Sasa daktari alikuwa akiniambia nimpe sikio lile.

Nilifika Jumamosi na habari hiyo tumboni. Koko alikuwa ameketi nje akishona shanga. Nilimwendea nikainamisha kichwa kama nilivyofanya tangu nijue kusimama. Nikaiona miguu yake, na ndala zake za mpira wa gari, na kuku akipita katikati yetu. Mkono haukuja. Nilingoja. Nilidhani ameshika sindano. Nilipoinua macho niliona mikono yake yote miwili imelala pajani, haina kitu. Alinitazama sawasawa, akasema "Takwenya," na nikaona mdomo wake ukilitamka. Mimi, badala ya kuitika, niliinama tena. Alisimama, akakusanya shanga zake, akaingia ndani. Nilibaki uani nimeinamia kiti kitupu, na nakumbuka nililia, machozi ya mtoto kabisa.

Jioni aliniita ndani. Alileta mdomo sikioni. Alisema amesikia habari za dukani. "Kichwa ni cha mtoto," alisema. "Wewe si mtoto, na wanaume wa rika lako hawana mkono wa kukuwekea."

Nilimwambia sisikii salamu.

"Najua. Nilijua kabla yako. Unafikiri kwa nini nakusemesha gizani? Nataka kuona kama bado utajibu."

Basi nikamwambia yote: konokono, waya, sumaku. Nikamwambia pia lile la mwisho, kwamba sauti yake ndiyo itakayokwenda. Alivuta ugoro wake. Kisha akasema nimpeleke kwa mtu huyo.

Nilimpeleka. Aliingia katika ofisi ile na shuka yake nyekundu na shanga zake zote, masikio yake yaliyotobolewa zamani yakining'inia karibu na mabega, na daktari wa masikio akayatazama kwa heshima. Daktari hakujua Kimaasai, Koko hakujua Kiingereza wala Kiswahili cha kutosha. Kwa hiyo mkalimani alikuwa mimi, kiziwi, nikisoma mdomo wa huyu, nikigeuka kumwinamia yule, na muuguzi aliyepita akatutazama kama watu wanaofanya mchezo. Koko aliuliza swali moja kwanza. "Nikimwita nikiwa nyuma yake, atageuka?" Daktari alisema wengi hugeuka, baada ya mazoezi mengi, hawezi kuapa. Nilitafsiri hivyohivyo. Kisha Koko akauliza: "Na sauti yangu?" Daktari alinitazama mimi kabla ya kujibu. Alisema nitasikia sauti, ila itabidi nijifunze upya kwamba ni yake.

Nilitafsiri na hilo. Koko alishika ncha ya sikio lake refu akamwonyesha daktari. "Mwambie mimi nilikatwa haya nikiwa mdogo kuliko wewe," alisema, "ili nipendeze tu. Akate."

Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema hapana kwa Kiingereza, nikageuka nikasema hapana kwa Kimaasai, ili pasiwe na mtu wa kusema hakuelewa.

Koko hakunigombeza. Alifanya jambo baya zaidi. Jioni ile aliketi karibu nami kwenye kitanda cha ngozi, mahali palepale, na hakusema kitu. Nilimgusa mkono, akanipa kikombe cha maziwa. Nilimuuliza habari za ng'ombe, kimya. Mwezi uliofuata nilikwenda tena, hali ikawa ileile: uani mkono wake haukunijia, na gizani sauti yake haikunijia. Kule Kitengela Wambui alikuwa amefungasha vitu vyake, amehamia kwa dada yake Matasia akijiandaa kuolewa. Aliniachia sinia na pazia, akanikumbatia mlangoni, akasema maneno marefu begani mwangu ambako singeweza kuyasoma. Nililala na taa bila kuizima. Na kila mwisho wa mwezi nilisafiri kwenda kukaa gizani na bibi aliyenyamaza, nikimsikiliza hadi sikio likaniuma. Mara ya tatu nilimwambia ananiua. Hapo alileta mdomo, mara moja tu. "Kama ni mimi ninayekufungia mlango," alisema, "basi mimi nimeshatoka. Ufunge mwenyewe ukitaka."

Niliwaandikia hospitali nikasema nitakuja.

Tangu siku nilipomwambia hivyo hadi siku ya kupasuliwa kwangu, Koko aliongea bila kukoma. Nilikuwa nimeomba ruhusa kwa Mama Ciku nikahamia Kajiado, na kila jioni nilimtegea sikio nikitaka aniambie mambo makubwa, ya ukoo, ya baraka, kitu cha kuweka. Alikataa katakata. Alisema hana la maana la kusema. Alinisimulia badala yake mbuzi wa jirani, beberu mmoja mwenye pembe iliyopinda, aliyekuwa na tabia ya kula nguo zilizoanikwa. Alikula soksi ya mwalimu. Alikula kanga ya mke wa mchungaji, na mchungaji akataka kuomba juu yake. Jioni ya mwisho beberu alikuwa amekula nusu ya pazia la kanisa, na Koko alicheka hata akapaliwa na ugoro, kikohozi chake kikatetema ndani ya sikio langu na shavuni. Hiyo ndiyo sauti ya mwisho niliyosikia kwa sikio nililozaliwa nalo: bibi akimcheka mbuzi. Nimeichungulia kichwani mara nyingi sana tangu hapo, na naogopa kwamba nimeichakaza.

Walinyoa nusu ya kichwa, wakakata, wakafunga. Kwa majuma kadhaa sikuwa na sikio lolote, la zamani wala jipya, na wakati huo siuelezi vizuri kwa sababu hauna kingo. Nilikula nilichopewa. Kisha wakanivisha kidude, mtaalamu akabofya kompyuta yake, na kelele ikaingia, kama maharagwe makavu yakimwagwa kwenye sufuria bila kuisha. Niligundua polepole kwamba maharagwe yalikuwa mtaalamu akisema jina langu. Nililia, na wote walidhani ni furaha. Kajiado Koko aliningoja uani. Aliniambia "Takwenya," nami nikasikia bati likikwaruzwa. Mdomo wake niliusoma, nikaitika. Alitikisa kichwa. Alinishika mabega, akanigeuza nitazame ukuta wa nyumba ya mabati, akasema tena. Bati. Akasema tena. Bati. Nilimchukia kwa dakika kadhaa, nadhani kwa haki.

Hivyo ndivyo mwaka ulivyoisha. Nilikuwa nikichagua maharagwe au nikiosha vibuyu, naye alipita nyuma yangu akatupa salamu mgongoni mwangu, nyakati nyingine akatupa neno lingine lisilo salamu ili kunitega. Nilikosea, akapita. Nilikosea tena. Asubuhi moja, mvua za mwisho wa mwaka zikiwa zimekata, nilikuwa nimeinama nikisugua sufuria kwa majivu, na kitu kikasema nyuma yangu, nami nikajibu "Iko" na kuendelea kusugua. Nilisugua mara kadhaa zaidi kabla sijajua nimefanya nini. Nilipogeuka, Koko alikuwa ameshanipita, anaelekea zizini na kibuyu chake, hata hakutazama nyuma. Lakini aliuweka mkono wake kiunoni kwa namna ambayo aliuweka tu siku akiwa amemshinda mtu bei sokoni.

Wazazi wenye watoto viziwi huletwa kwangu siku hizi, waniulize kama wakubali. Huwaambia kifaa ni kizuri, maana ni kizuri. Kimenirudisha kaunta ya Mama Ciku, kimenipa mume ninayeweza kugombana naye hata kwa simu, kimenipa vilio vya wanangu na mlio wa kibuyu kikijaa maziwa. Huwaambia pia kwamba kuna kitu kitabaki upande wa pili na hakitavuka. Ile sauti ya gizani sikuipata tena. Niliijua sauti mpya ya Koko, niliizoea, niliipenda, niliitika kila ilipoita kwa miaka yote hii. Ilikuwa sauti ya mtu mwingine mwenye maneno yake. Sikuwahi kumwambia, na nahisi alijua, maana hakuwahi kunisimulia tena habari za yule beberu. Wala kichwa changu hakukigusa tena. Tulisalimiana kama watu wazima.

Sasa swali lako, Wambui. Wiki ile ya mwisho alikuwa katika nyumba yake ya udongo, alikataa kuhamishwa, na sauti ilikuwa imemwacha kabla ya pumzi. Niliingia mchana nikiwa na maziwa. Niliinama nimweke sawa, kichwa changu kikawa karibu na kifua chake, na mkono wake ukaja. Ulipanda polepole, ukatua utosini, ukateleza hadi upande wa kushoto, ukaisukuma sumaku. Kidude kilianguka kwenye ngozi ya kitanda. Chini ya kidude kile sina sikio tena, unajua; nilimpa daktari. Mwanga haukutosha kuona mdomo. Sikukiokota. Nilibaki nimeinama kama mtoto, mkono wake ukiwa juu yangu na paji langu likiwa kifuani pake, na ndani ya kifua kile nikahisi neno likipita, fupi. Sijui alisema nini. Niliitika, "Iko."